Mjane wa Mzee Kavu

Begi la mama lilikuwa tayari mlangoni, zipu imefungwa, fundi alipokuja kubadilisha koki ya jikoni.

"Mama anasafiri?" fundi aliuliza.

"Gari linakuja mchana. Anahamia kwa dada yangu," mwenye nyumba alijibu, macho chini. Kisha, kwa kuwa fundi hakuwa mgeni, aliwahi kufundishwa kazi na marehemu baba wa mwenye nyumba, akamsogelea na kunong'ona. "Anakojoa kitandani, ndugu yangu. Kila siku godoro chapachapa. Watoto wameanza kumcheka. Nimeshindwa."

Aliona haya kulisema. Akaona haya zaidi kwa sababu mama mwenyewe alikuwa ameketi palepale sebuleni, na masikio ya wazee hupona ghafla wanapotajwa wao. Mama hakuinua kichwa. Alikunja pindo la nguo yake, akalikunjua, akalikunja tena.

Fundi alifungua koki ya zamani. Shingoni mwa bomba palikuwa pamezungushwa uzi mwekundu, umebana kama umefungwa jana.

"Mkono wa Mzee Kavu huo!" alisema.

Hilo ndilo jina ambalo mtaa mzima ulimpa yule baba. Wengine walifunga bomba kwa tepu. Yeye kwa uzi wake mwekundu, na likishafungwa, limefungwa, kwisha habari. Na maringo alikuwa nayo, tusidanganyane. "Siku bomba langu likivuja," alikuwa akisema, "nivueni hili jina." Msibani kwake kila aliyesimama kusema neno aliyarudia maneno hayo, watu wakacheka huku wanalia.

"Baba hakuacha hata tone," mwenye nyumba alisema. Ndiyo mara pekee aliyotabasamu siku ile.

Kazi ya jikoni ilipokwisha, fundi alifunga koki zote za ndani, kama alivyofundishwa, akatoka kutazama mita. Kigurudumu kilikuwa kinatambaa.

"Kuna maji yanapotea humu," alisema aliporudi.

"Labda mita mbovu," mama alidakia. Lilikuwa neno lake la kwanza tangu asubuhi.

Fundi alichukua nondo, akaisimamisha sakafuni, akatega sikio kwenye ncha ya juu. Sebuleni, kimya. Koridoni alisikia mchirizi kwa mbali. Mlangoni mwa chumba cha mama, mchirizi ukazidi.

"Humo hamna bomba." Mama alijikongoja, akasimama kati ya fundi na mlango. "Humo ni uchafu wangu tu, mwanangu. Mimi kikojozi, nimeshakiri, niacheni niende zangu. Chumba kifungeni hivyohivyo."

Mwanawe alimshika mkono. "Mama, tafadhali. Usituongezee aibu."

Godoro lilikuwa chini, kwa ajili ya magoti ya mama, limesukumwa kona ya ndani kabisa kusikofika hewa. Chini ya dirisha sakafu ilikuwa na alama, mahali palipopauka kwa ukubwa wa godoro lilelile.

"Zamani alilala pale?" fundi aliuliza.

"Alihama mwenyewe," alijibu mke wa mwenye nyumba kutoka mlangoni, mtandio puani kama kawaida yake. "Eti upepo wa dirishani unamuumiza."

Mama alikuwa anajipepea kwa kiganja, jasho linamtiririka.

Fundi aliliinua godoro, akapiga magoti, akanusa. Akanusa tena.

"Shemeji, hebu njoo unuse."

Mke alisita, akainama, akashusha mtandio. Hapakuwa na harufu yoyote ya mkojo. Muda wote ule alikuwa akiziba pua kabla ya kuingia, na sasa alitamani sakafu immeze.

Patasi na nyundo zikafanya kazi yake. Saruji ilipopasuka, maji yalibubujika, safi, ya baridi, yakamfikia kila mtu miguuni.

Mwenye nyumba alipiga magoti kwenye maji yaleyale, mbele ya mama yake. "Nisamehe, mama. Nimekusimanga mbele ya wanangu. Nimekutangaza kwa dada. Uso wangu nitauweka wapi mimi?" Akalia kwa sauti, mtu mzima na ndevu zake. Mkewe naye akapiga magoti.

Mama aliwapapasa vichwa. "Yamepita. Inukeni. Wewe kafunge maji kule nje, na wewe mama, rudisha begi langu ndani. Haya, nendeni, nendeni!" Aliyasema harakaharaka, macho yake kwenye shimo.

Wakatoka. Fundi aliingiza mkono kwenye tope, akapapasa bomba mpaka akafika kwenye kiungo. Vidole vyake vilitoka na kipande cha uzi mwekundu, kimeoza, kinameguka.

Alikitazama, akaona aibu kana kwamba kimetoka mfukoni mwake. Alipoinua macho, mama alikuwa amekwisha kunyoosha kiganja.

"Nipe, kabla hajarudi. Akikuuliza, sema mzizi umepasua bomba."

"Mama... kumbe ulijua?"

"Tangu siku za msiba. Nyumba imejaa watu wanamsifu, mimi nakanyaga maji." Alikifundika kipande cha uzi kwenye pindo la nguo yake, akakaza. "Sasa wewe ulidhani godoro lilihama lenyewe?"