Chumvi ya Kuomba

Katika jiji letu hakuna kitu kinachoisha nyumbani. Kopo la chumvi likikaribia kuwa tupu huuarifu mtandao lenyewe, na kabla hujamaliza kufunga kanga, droni iko dirishani na pakiti mpya.

Mimi nilikulia Kondoa, kwenye nyumba za kupakana. Mama alikuwa akinituma kwa jirani kuomba chumvi kidogo, nami nilirudi baada ya saa nzima, nimeshakula hukohuko na nimeshajua nani kajifungua. Hapa ghorofa ya tisa nina miaka minne, na mlango unaotazamana na wangu sijawahi kuupigia hodi. Ningesema nimefuata nini?

Leo asubuhi nilimwaga chumvi yote kwenye sinki, nikashika kibakuli, nikatoka mbio. Nilitaka niufikie ule mlango nikiwa sina kitu kweli. Droni ikanikuta koridoni.

"Chumvi yako, Mama Nyemo," ikasema.

Nikapiga hodi hivyohivyo, kibakuli mkono huu, pakiti mkono huu. Akafungua mwanamke wa rika langu. Akakitazama kibakuli, akaitazama pakiti, kisha akasogea pembeni nione meza yake. Juu yake kulikuwa na pakiti kumi na moja za chumvi, hata moja haijafunguliwa, na kando yake kibakuli kitupu.

"Karibu, dada," akasema. "Mimi huwa inaniwahi kabla sijafungua mlango."