Presha ya Papa Tshimanga

Hervé alifuta neno "chumvi" kwenye makala ya madaktari, akaandika "upweke". Kichwa cha habari sasa kilisomeka: "Upweke wapandisha presha ya wazee." Akatabasamu kama paka aliyekuta sufuria wazi.

Hakuwa amevunja mlango wa mtu. Kila fundi wa tovuti anakijua chombo hicho: unabonyeza kipanya upande wa kulia, unachagua "Inspecter", na ukurasa wowote unafunguka matumbo mbele yako. Unabadilisha rangi, unabadilisha maneno, na yote yanaonekana kwenye skrini yako tu. Ukiufungua ukurasa upya, kila kitu kinarudi kilivyokuwa. Hervé alikitumia kuwaonyesha wateja sura ya tovuti zao kabla ya kuandika msimbo wowote. Alikuwa pia na kidude cha kunyonya rangi kutoka kwenye picha, na rula ya kupimia vitu kwenye skrini. Lakini siku hizi "Inspecter" ilikuwa na kazi nyingine: kumtafutia mke.

Mke mwenyewe alikuwa Tina, binti wa Papa Tshimanga. Walipendana kwa siri, na Hervé alikuwa amekonda kwa kumpenda. Tatizo lilikuwa mzee. Tangu mkewe afariki, neno harusi halikutamkwa nyumbani kwake, na waliokuja kumposa Tina walirudishwa hata kiti hawajapewa.

"Ngoja kwanza moyo ya papa ilegee," Tina alimwambia. "Usitume muntu."

Hata mama yake Hervé, Maman Georgette, hakuambiwa, maana jambo akilijua yeye asubuhi, mchana linajulikana mpaka mtaa wa Kakontwe.

Bahati nzuri mzee alijileta mwenyewe. Alikuwa mstaafu wa kituo cha umeme cha Koni, aliogopa presha kuliko Shetani, na macho yake hayakuziweza tena herufi za simu. Kompyuta ya Hervé ilikaa sebuleni kwa mama yake, skrini pana chini ya picha ya marehemu baba yake. Basi karibu kila siku mzee alifika, shati limepigwa pasi, kofia mkononi, kusoma habari.

"Mutoto, weka ile page ya santé," alisema siku hiyo akiketi.

Hervé aliuweka ukurasa wa afya. Mzee alivaa miwani, akasoma kwa sauti mpaka mwisho wa kichwa cha habari.

"Ni badocteurs ndio banasema hivi?"

"Ni bo benyewe, papa. Minye niko naweka tu page."

"Na chumvi?"

"Ya chumvi habasemi tena."

Mzee alitazama mlango wa jikoni, kulikotoka harufu ya vitumbua. Ana njaa, Hervé aliwaza, akamwita mama yake amletee mgeni sahani. Maman Georgette alikawia kidogo, kisha akaja nayo, kichwani amejifunga kitambaa kingine.

Kesho yake "Inspecter" ilitangaza kwamba nyumba yenye harusi humwongezea mzee umri. Baadaye ikasema wazazi wanaopinga ndoa huharibikiwa figo, na hapo hata Hervé aliona haya, akazirudisha figo mahali pake. Nusura aumbuke siku mzee aliponyoosha kidole kwenye kitufe cha kuufungua ukurasa upya. Hervé aliuwahi mkono wake, akamwambia kitufe hicho kina shoti. Mtu aliyefanya kazi na umeme maisha yake yote akarudisha kidole mbiombio.

Mwishowe mzee alivua miwani, akaikunja polepole.

"Mutoto, minye nilikuwa nakosa. Nyumba bila harusi ni nyumba ya kufa. Dimanche, kisha messe, nitakuya hapa na bandugu yangu. Iko maneno ya kusema."

Hervé alifurahi mpaka chakula hakikumshuka. Ilikuwa ajabu kidogo, kweli. Tangu lini upande wa binti ukatoka kwenda kwa mvulana? Mvulana ndiye hutuma watu kubisha hodi. Lakini mzee mwenye presha, aliwaza, hana muda wa kungoja mila.

Jumapili alivaa suti. Misa ilipokwisha, Papa Tshimanga aliingia na ndugu yake Joachim aliyebeba kitenge kipya kilichokunjwa vizuri, na nyuma yao Tina, macho sakafuni. Hervé alipomkonyeza, Tina alitikisa kichwa. Ni haya ya bibi harusi, Hervé aliwaza, na mapenzi yakamjaa kifua kizima.

Joachim alisimama, akakohoa kidogo, akakiweka kitenge magotini pa Maman Georgette. Hervé aliona sawa kabisa: mama mkwe lazima aheshimiwe. Maman Georgette alikipokea kwa mikono miwili, wala hakuuliza cha nini.

"Bon," Joachim alisema, akimgeukia Hervé. "Papa yako hayiko tena. Weye ndio mwanaume ya hii nyumba. Kama weye hapana kubali, tunarudia na kitenge yetu. Hii ndoa, unaikubali?"

"Naikubali," Hervé alijibu hata kabla swali halijakaa vizuri.

"Kwa moyo yote?"

"Kwa moyo yote, papa. Hata leo ifanyike."

Watu wakapiga makofi. Papa Tshimanga alimshika bega, macho yamelowa.

"Merci, mon fils. Bila weye na zile page zako, minye singeweza kusubutu." Kisha akakaa karibu na Maman Georgette, akamshika mkono, akageuka mlangoni. "Tina, fika karibu. Salimia kaka yako."