Milimita Mia na Hamsini

“Mia na hamsini,” Twiga alisema kwenye simu. “Isizidi hata milimita moja.”

Fundi baiskeli alicheka, kisha akabisha. Baiskeli ile ya umeme ya milimani ilikuja na mikono ya pedeli ya milimita mia na sabini na tano, vile vyuma viwili vinavyoshika pedeli, kipimo kilichomfaa mtu mrefu kama yeye. Kama anataka mifupi, basi ashuke hadi mia na sitini na tano, yatosha. Mia na hamsini ni ya watoto wa shule.

Lakini Twiga alikuwa mpima ardhi, na mpima ardhi habishiwi namba zake. Alijibu kwamba nguvu itakayopungua mguuni, mota itaifidia. Tena ile pedeli ndefu ndiyo iliyogonga jiwe. Ingekuwa fupi kidogo tu, ingelipita jiwe juu kwa juu, na yeye asingekuwa hapa alipo.

Hapa alipo ni kitandani, mwezi wa tatu sasa. Kuanzia kiunoni kwenda chini hakuna kiungo kilichokuwa kikimsikiliza.

Mkewe, nesi, alikuwa amesimama mlangoni na beseni la maji ya kumwogeshea. Aliyasikia yote. Siku ya vipimo vya mwisho daktari alikuwa amemvuta pembeni, akamwambia bila kuzungusha maneno kwamba mumewe hatatembea tena. Kisha akamwachia mzigo.

“Wewe ni mwenzetu,” alisema. “Utajua namna ya kumwambia.”

Namna aliijua sana. Kule kwenye zahanati ya mlimani ameshawapa watu habari mbaya mpaka amepoteza hesabu. Unakaa karibu, unamshika mtu mkono, unasema taratibu, unanyamaza. Kwa mumewe alikaa karibu, akamshika mkono, akamuuliza kama atakunywa chai. Mganga hajigangi.

Mama mkwe alipiga simu kila Jumapili kuuliza kama ameshamwambia, na kila Jumapili alimkumbusha kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Ni kweli, lakini methali ni nyepesi mdomoni mwa mtu aliye mbali na kitanda.

Twiga naye alikuwa na shughuli kuliko wazima. Alipima kila kilichomkaribia: meza, dirisha, ndoo, mguu wa mkewe alipopanda kwenye stuli kuning'iniza pazia, hata paka, ambaye alikataa katakata. Namba zote aliziandika daftarini. Jioni alimhoji mkewe kuhusu njia ya zahanati, ile ile iliyomwangusha. Mvua imefukua wapi? Mawe ya kwenye kona bado yapo? Nesi aliipanda njia hiyo kwa miguu kila asubuhi, saa nzima na robo, kwa hiyo majibu alikuwa nayo. Aliyatoa huku akitazama ukutani. Mtu alikuwa anapanga safari, naye anamsaidia kuipanga, na kwa hilo alijichukia.

Jumatano fundi akapiga simu kusema mzigo umefika. Twiga alifurahi hadi akaomba kunyolewa ndevu. Jumamosi, alisema, baiskeli italetwa nyumbani ikiwa tayari.

Ijumaa jioni nesi akajiambia leo ndiyo leo. Alivuta kiti hadi ubavuni mwa kitanda.

“Mume wangu, nina jambo.”

Twiga alilifunga daftari lake. “Hata mimi ninalo,” alisema. “Anza wewe.”

“Hapana, anza wewe.”

Wakabaki wanatazamana kama wageni wanaopishana mlangoni. Mwishowe nesi akasema ni kuhusu shuka, zinahitaji kubadilishwa. Twiga akasema lake si la haraka. Shuka zikabadilishwa, ingawa zilikuwa zimetandikwa asubuhi ile ile.

Usiku kucha nesi aliiona picha moja tu: baiskeli imeegeshwa sebuleni inang'aa, na mumewe anamwita aje amsaidie kupanda.

Kulipokucha akaenda mwenyewe kwa fundi, mbio mbio, awahi kabla haijatoka. Karakana ilinuka grisi na mpira mpya. Baiskeli ilikuwa imebanwa juu kwenye stendi, na fundi alikuwa anakaza nati ya mwisho. Nesi hata hakumsalimia.

“Usimpelekee, fundi. Nakuomba. Mwambie vyuma vimekuja na ufa, mwambie vimepotea, mwambie lolote.” Kisha maneno aliyoyaficha miezi yote ile yakatoka yenyewe. “Hatapanda tena. Hatatembea tena kabisa, na mimi sijaweza kumwambia.”

Alijikuta analia mbele ya mtu aliyeshika spana. Aliona aibu, lakini machozi hayakujali.

Fundi hakuonyesha kushangaa, na hilo lilimuuma zaidi. Aliweka spana chini, akapangusa mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja, kama anayetafuta pa kuanzia. Kisha akaishusha baiskeli na kuisimamisha mbele yake. Kiti chake kilikuwa kimeshushwa mpaka mwisho.

“Hebu kaa juu, shemeji, tuone kama unafika chini vizuri,” alisema kwa sauti ya chini. “Vipimo vyako alinipa yeye. Akanisihi nisikuambie chochote kwanza, maana wewe bado hujui kwamba hatatembea tena, na yeye hajapata moyo wa kukuambia.”