Mkasi wa Siku ya Kupatwa kwa Jua

"Mdomo wa juu wa mtoto umepasuka hapa," daktari alisema, akionyesha kwenye kioo cha ultrasaundi. "Afadhali tumeuona mapema. Akizaliwa tutaushona."

Mama mkwe wa Rukia akageukia ukutani. "Mdomo wa sungura! Nilikukanya usishike mkasi na mimba siku jua lilipopatwa, utamkata mtoto mdomo, ukatia pamba masikioni. Sasa tulifiche hili, hata mumeo asijue."

Rukia, fundi wa nguo tangu usichana wake, alikuwa angali chali, tumbo limelowa dawa ya utelezi. Machozi yalimlenga, akayameza.

"Wa kushonwa, daktari? Basi mtoto kajua nyumba ya kuingia."

Akaketi, akajifuta, akaupokea ukanda wa picha uliotoka mashineni. Kisha akatoa mkobani mkasi uleule, akakata picha moja bila haraka, kama akataye kitambaa cha bibi harusi, akamkabidhi mkwewe.

"Hii ya sebuleni, mama. Itundike wageni waione."

Mama mkwe akaishika mbali na kifua, kidole gumba kimeufunika ule mdomo. Rukia akafungua mlango. Wajawazito waliojaa kwenye benchi wakainua macho kuitazama picha, na kidole kikaanza kusogea, kikiufunua ule mdomo.