Mtani wa Kaburini

Sauti ya Kondo ilitoka kaburini wakati Kondo mwenyewe bado yumo jenezani, mabegani mwa watu.

"Mmemleta?" iliuliza. "Mbona kimya? Nimesimuliwa huyo hanyamazi hata umeme ukikatika!"

Waliobeba jeneza nusura waliangushe. Walipochungulia shimoni wakamwona mwanamume amekaa chini kabisa, kaegemea udongo mbichi, suruali ina tope jeusi mpaka magotini. Kicheko kikawatoka. Kumbe mtani! Afadhali. Maziko gani hayo ya hapa Nyamwage, asitokee mtani wa kuingia kaburini akamsuta marehemu? Kilichobishaniwa ni ametokea wapi. Huyu kasema Umwe, yule kasema Mmatumbi wa milimani, na hakuna aliyemjua.

Na tusidanganyane, Kondo alistahili kusutwa. Mungu amrehemu, lakini alikuwa mtu wa kukera. Alikuwa na kibanda cha video kando ya barabara kuu, na humo ndani hakuna aliyewahi kutazama sinema kwa raha. Jambazi akichomoa bastola tu, Kondo huyoo mbele ya televisheni, kidole juu: "Jamani, mwenye akili anijibu! Mwanzoni jambazi kafunga kitambaa jicho la kushoto. Sasa kiko jicho gani?" Usipojibu unaitwa mbumbumbu mbele ya wanao. Ukijibu anakuuliza jina la farasi. Yeye na mkewe Habiba hawakujaliwa mtoto, na ukimpa pole alikukatiza: "Watoto wa nini? Ninao waigizaji."

Mtani akainua kidole. "Jamani, mwenye akili anijibu! Kitambaa kiko jicho gani?"

Watu hoi. Ni Kondo mtupu! Maneno, mchimba kaburi, ilibidi aegemee jembe asianguke. Watani wengi wamepita Nyamwage wakiiga marehemu, lakini kupatia namna hii, mpaka kile kikohozi kifupi kabla ya swali, hakujapata kutokea.

"Bingwa wenu alijua kila kitu," mtani akaendelea. "Mpiga ngumi wa Hong Kong ana watoto wangapi, alijua. Majina yao kuanzia kifungua mimba hadi kitinda mimba, alijua. Na wa kwake je? Aliwajua?"

Kicheko kikapungua. Lo, hapo alizidisha. Ismaily, mpwa wa marehemu, alikuwa ameshavua viatu tayari kushuka kumpokea mjomba wake, maana hiyo ni kazi ya mtoto wa kiume, na mtoto hakuwapo. Kauli ile ilimchoma. Lakini mtani hanuniwi, basi akaanza kumbembeleza kwa zawadi.

"Mtani, basi inatosha. Tutakupa jogoo. Toka, tumsitiri mzee."

"Jogoo mleni wenyewe."

"Na shuka mpya juu yake."

"Mkaifunike televisheni yake, isije ikapata baridi."

Vicheko vikarudi. Mtani hakuwangoja wamalize.

"Mnajua kwamba huyu aliwahi kuja Mbwera, deltani? Kaja na mtumbwi, jenereta, deki, na kanda za video gunia zima. Kakaa msimu mzima wa mpunga akionyesha sinema, na kuna msichana aliyempikia wali na kamba kila siku ya Mungu. Shukrani yake ni nini? Hadithi! Farasi anaitwa hivi, ile damu mnayoililia ni rangi ya chakula. Mpunga ulipovunwa, bwana akapakia jenereta lake, akasema anafuata kanda mpya, anarudi. Kanda gani hizo za kufuatwa miaka thelathini? Na yule mjinga mpaka leo anakumbuka jina la farasi!"

"Mtani kwa kutunga!" mtu akapiga makofi.

Sheikh Abdulatifu hakupiga makofi. Alitazama saa, akatazama jeneza lililokuwa limewekwa chini juani. Alasiri ilikaribia.

"Mtani, kazi yako umeifanya, Mwenyezi Mungu akulipe," alisema. "Sasa tupishe. Waingie wenyewe."

Mtani akasimama, akajipangusa mchanga. Ismaily akainama, akampa mkono ili amvute juu. Mkono ule haukupokelewa. Hapo ndipo Ismaily alipomtazama vizuri usoni, na akagundua kwamba tangu walipofika makaburini, watu wote wamecheka isipokuwa huyu.

Maneno alikuwa bado anafuta machozi ya kicheko. "Lakini we bwana kiboko! Kondo umemchukua mzimamzima. Hebu tuambie, hiyo sauti umejifunza wapi?"

"Nijifunze wapi?" alisema yule mtu. "Kidole na maneno nimesimuliwa na mama. Huyo mwenyewe sijapata kumtia machoni hata siku moja."

Akakohoa kile kikohozi kifupi.

"Sauti ni yangu."

Kisha akanyoosha mikono yote miwili juu, kuelekea kwenye jeneza. "Mleteni."

Ismaily akarudi nyuma taratibu, akavaa viatu vyake.