Mkuu wa Kaya

Tasnifu ya Nusra ya shahada ya sosholojia ilikuwa na kurasa mia na ishirini, unene uliotosha kabisa kuinua kompyuta yake ifike usawa wa macho. Ilikuwa imelala chini yake hivyo tangu alipoacha utafiti akajifunza kuandika programu.

Asubuhi hiyo programu yake ya kwanza ilianza kusajili watu wa mradi wa maji. Waliingia wajane wawili, Bi Mosi na Bi Hadia, waliokuwa wake wa mume mmoja.

"Mkuu wa kaya nani?" Nusra aliuliza.

"Sisi," alijibu Bi Mosi.

Aliandika majina yote mawili. Kisanduku kwenye skrini kikawa chekundu: jina moja tu.

"Mmoja wenu, mama zangu."

Wajane wakatazamana.

"Basi mwandike mwenzangu," alisema Bi Hadia. "Mimi niandike mgeni."

"Mgeni wa nani wewe?" Bi Mosi alimgeukia. "Mwaka wa thelathini huu tunapika chungu kimoja!"

Sharti lile la jina moja Nusra aliliandika mwenyewe, Jumanne, kabla ya chai, wala hakuambiwa na mtu. Sura nzima ya tatu ya tasnifu yake ilikuwa ikipinga wazo hilo la mkuu mmoja.

Aliichomoa tasnifu akaifungua mapajani. Kompyuta ikashuka mezani kwa kishindo kidogo, na wajane wakainama mbele ya skrini, bega kwa bega, wakikitazama kile kisanduku chekundu.