Slipa za Kuanikia

Breka mpya ya taa za nje, ile inayokata stima ikivuja, ilijikata tena, mara ya nne tangu asubuhi, na Mbuthia, msimamizi wa ploti, akaniangalia kama mimi ndiye niliyeikata.

"Fundi, wapangaji wamenichosha. Hiyo kitu itoe, unganisha waya moja kwa moja!"

Nilikuwa nimefungua kila taa na kila soketi, sijaona kosa. Nikachoka na breka, nikachoka na Mbuthia. Nikaitoa. Taa zikawaka, zikatulia.

"Si ungefanya hivyo kitambo?"

Nikiokota koleo langu, niliona slipa kuukuu za raba chini ya waya wa kuanikia nguo. Mama mmoja alitoka pekupeku na beseni, akazivaa kwanza.

"Mama, hizo ni za nini?"

"Za kuanikia. Bila hizo, huo waya unauma. Tangu uweke breka ni afadhali, ukiugusa stima inapotea kwanza."

Nikaufuata waya kwa macho. Mwisho wake ulikuwa umefungwa kwenye bomba la chuma lililoshika taa ya nje.

Mbuthia, pekupeku kwenye maji ya kufulia, alikuwa ameshainua mkono kuanua shati lake.